Kijiji Kilichopotea kwa Amri

Nchi yetu haina kasoro. Nalisema hili mwanzoni kabisa, ili wale wenye midomo wasije wakadai nilisahau. Tuna bendera yenye rangi nyingi kuliko ya jirani, tuna wimbo wa taifa ambao ukiuanza chai ikiwa moto unaumaliza imepoa, na tuna Kiongozi Mpendwa ambaye picha yake inatazama kila ofisi, kila duka na kila choo cha serikali. Kitu kimoja tu tulikikosa, nacho kilimnyima Kiongozi usingizi. Hatukuwa na mahali pa ajabu.

Wenzetu wanapo. Kuna wenye kisiwa kilichojaa vichwa vya mawe, vikubwa, vingi vimeipa bahari kisogo kana kwamba imeviudhi. Kuna wenye jangwa ambalo mawe hujisogeza na kuacha michirizi ardhini. Kuna wenye pembe ya bahari inayosemekana kumeza meli na ndege. Hata Wayunani wa kale, watu waliokwisha kufa zamani, wana mji wao uliozama, na ijapokuwa hakuna aliyewahi kuuona, wageni wanautafuta mpaka leo, na huku wakiutafuta wanalala hotelini na kula samaki. Hilo la hotelini ndilo lililomchoma Kiongozi. Katika hotuba ya Mwaka Mpya alisema kwamba ni aibu nchi yenye mawaziri wengi kiasi hiki kukosa hata pango moja lisiloeleweka.

Msinielewe vibaya. Mambo yasiyoeleweka tulikuwa nayo tele. Lakini hayo yako maofisini, na huko wageni hawaruhusiwi kupiga picha.

Kesho yake ikazaliwa Wizara ya Maajabu na Mambo Yasiyoelezeka. Akateuliwa kuiongoza Mheshimiwa Mapambio, aliyekuwa Waziri wa Maji, ambako alionyesha kipaji kikubwa cha kufanya vitu vitoweke. Nami nikaajiriwa kuwa Mwongozaji wa Wageni. Jina langu Msellem, ila kazini wote wananiita Kipaza, kwa sababu kipaza sauti cha Wizara hakijawahi kutoka mkononi mwangu tangu nilipokabidhiwa. Nakula nacho, jamani. Mke wangu, kabla hajaondoka, alisema nalala nacho, na hilo lilikuwa kweli.

*

Kamati ikaundwa kutafuta ajabu. Pango lilipatikana, lakini popo walikuwa wamelizoea na halikumshangaza mtu. Ziwa lilipendekezwa, ila lilikauka enzi za Mheshimiwa kule Maji. Kamati ikakaa, ikanywa soda, ikaahirishwa, ikakaa tena.

Ndipo Mheshimiwa Mapambio akaenda kwa daktari wa meno. Yeye hasubiri foleni, lakini siku hiyo jino lilikuwa la mkewe. Akaokota gazeti chakavu, akasoma habari za meli ya zamani iliyokutwa ikielea baharini, haina mtu hata mmoja ndani. Wasimuliaji, ambao hawakuwamo, huongeza kwamba chai ilikuwa bado moto mezani. Mheshimiwa akatoka mbio, akamwacha mkewe na jino lake. Alituambia kwamba watu hawaendi mbali kuona kitu kilichopo. Wanakwenda mbali kuona mahali ambapo kitu kilikuwepo na sasa hakipo.

Meli hatuna. Tukachagua kijiji.

Kilichochaguliwa ni Mkokwa, nyuma ya kilima, njia ya kwenda haina lami. Kilikuwa kijiji kizuri, nyumba za udongo zilizopakwa chokaa, msikiti mdogo, minazi, uwanja wa mpira. Wapiga kura wake walikuwa wachache, na hao wachache uchaguzi uliopita walikosea. Basi likapita gari la matangazo kuwaambia kwamba Kiongozi amewatunuku picha ya heshima: kijiji kizima, uwanjani, wakubwa kwa watoto. Waliambiwa waje upesi, waache vyungu motoni, milango wazi, redio zikiimba. Wakaja wamevaa vizuri, maskini, wengine wamepaka wanja. Badala ya mpiga picha yakaingia malori.

Wakahamishiwa mbali, mahali panapoitwa Makazi Mapya, nyumba za mabati zilizopangwa mstari. Kila mtu akapewa nyumba, na kwa ukarimu usio kifani akapewa na jina jipya, kutokana na mafanikio ya serikali. Nawajua huko akina Bwana Uzalishaji na Bi. Takwimu. Wakaapishwa kwamba hawajawahi kuisikia Mkokwa. Atakayeisikia, nyumba inachukuliwa na wanawe wanafutwa shule. Kesho yake Mheshimiwa akautangazia ulimwengu kuwa kijiji kizima kimetoweka, vyungu bado vinatokota, na sayansi imeshika tama.

*

Sasa, kule uwanjani, siku ile ya malori, kulitokea jambo dogo. Mwanamke mmoja kijana, jina lake Mize, alikataa kupanda. Alikuwa na watoto watatu, mmoja mgongoni. Akamwambia afisa msimamizi kwamba mama yake, Bi. Somoe, yumo ndani. Baba yake Mize alikuwa amefariki karibuni na Bi. Somoe alikuwa anamalizia eda, zimebaki siku chache.

Kule Mkokwa eda hawaifanyii mzaha. Mjane anakaa chumba cha ndani muda wake wote wa kisheria, hatoki nje, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Wanawake wenzake humpikia na kumletea chakula, na siku ya kumaliza humwogesha, humfukiza udi na kumtoa nje kwa heshima. Akisikia makelele ya uwanjani, hata kama ni ya Kiongozi Mpendwa mwenyewe, hayamhusu.

Afisa wetu naye alikuwa mtu wa dini. Akasema serikali haivunji eda ya mtu. Bi. Somoe aachwe amalize kwa utulivu, na akimaliza atafuatwa kwa gari dogo, lenye kiti laini. Mize akaomba abaki naye. Afisa akamwambia apande kwanza, picha bado haijapigwa.

Eda ikaisha. Pale Wizarani likaletwa suala la gari dogo. Nilikuwepo, nimesimama nyuma na kipaza changu. Mheshimiwa Mapambio akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Ndugu zangu,” alisema, “tumeutangazia ulimwengu kwamba Mkokwa hakuna mtu. Tukienda kumchukua mtu mahali pasipo na mtu, tutakuwa tumesema uongo. Serikali haisemi uongo. Kwa hiyo huyo mama hayupo.”

Wote wakapiga makofi. Mimi nilijipiga pajani, maana mkono mmoja ulikuwa na kazi.

Bahati nilikuwa kilimani nikifunga kamba ya mpaka wa wageni siku ile Bi. Somoe alipofungua mlango. Alikuwa amejiogesha mwenyewe. Alivaa kanga mpya, akakaa barazani kuwasubiri wanawake wa kumtoa. Alikuwa mwembamba, wima, na alikaa amekunja mikono kama bibi harusi. Siku za mwisho lazima alikuwa ameona chakula hakiji, nadhani alijilia akiba ya ndani na kuwakasirikia wenzake kimoyomoyo. Jua lilipopanda akainuka, akaenda nyumba ya pili, akabisha hodi. Akaenda ya tatu. Alibisha hodi kijiji kizima, akarudi akaanza upya, na kila mlango ulikuwa wazi na kila chungu kimeungua. Mpaka magharibi nilikuwa namsikia. Hodi. Hodi jamani. Niliumia, nasema kweli, niliumia sana moyoni, ila kuumia hakumo katika mkataba wangu wa kazi, nikaendelea kufunga kamba.

*

Wageni wakaanza kumiminika. Wazungu, Wachina, na wananchi wenzetu wenye uwezo. Walisimama nyuma ya kamba, kijiji kikiwa chini yao karibu tu, kiasi cha kutupa jiwe, nami nikawaeleza maajabu kwa kipaza.

Ajabu ya kwanza ilikuwa Moshi Usio na Mwenyewe, uliopanda kila asubuhi kutoka nyumba moja tu. Ya pili ilikuwa Mistari Mitakatifu. Bi. Somoe alikuwa mtu wa usafi, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuongea naye, alifagia. Alifagia uwanja wake, akafagia wa jirani, akafagia mpaka uwanja wa mpira, na ufagio wa chelewa ukaacha mistari mizuri ya upinde iliyoonekana vyema ukiwa juu kilimani. Profesa mmoja alitoka ng'ambo, akapewa kibali cha kuvuka kamba, akalala kifudifudi na futi yake, akaifananisha na ile michoro mikubwa ya jangwani inayoonekana ukiwa angani. Akahitimisha kwamba hii yetu ilichorwa na viumbe wenye elimu ya nyota. Siku aliyohitimisha, kiumbe mwenyewe alikuwa nyuma yake, anangoja ainuke afagie alipolala.

Tatizo lilikuwa salamu. Bi. Somoe kila akisikia basi linazima injini alipanda mpaka karibu na kamba akawatolea wageni salamu. Wazungu hawakuwa na shida, walipiga picha. Lakini wananchi wetu, ah! Mtu amelelewa akalelewa, mama wa umri ule akimwambia asalaam aleikum, ulimi unajibu kabla kichwa hakijafikiri. Mwalimu mmoja wa shule alimwitikia vizuri kabisa, tena akamwongezea shikamoo na kumuuliza hali. Ajabu yote ikamwagika. Wageni wakadai nauli zao, wakisema wameletwa kumtazama bibi kizee akisalimiana na watu.

Wizara ikachukua hatua. Likawekwa bango: ATAKAYEITIKIA ATAPOTEA. Na yule mwalimu akapotea kweli, yuko Makazi Mapya, anaitwa Bwana Ufanisi. Kisha ikatolewa amri kwamba kila mgeni azibe masikio kwa pamba. Na kwa kuwa shemeji yake Mheshimiwa alikuwa na majora ya bafta nyeupe yaliyomdodea dukani, ikaamriwa pia kwamba, kwa usalama na usawa, kila mgeni ajifunge shuka la bafta kutoka utosini hadi miguuni, uso tu ubaki nje. Ilipendeza sana. Basi linafika, watu wanashuka, wanafungwa bafta, wanatiwa pamba, wanapangwa safu kwenye kamba, kimya, wanatazama chini. Hakuna aliyeuliza kitu. Kumbukeni nchi yetu haina kasoro.

Nami nasoma kwa kipaza maneno ya Wizara, yale yale kila siku: “Wakazi wote wa kijiji hiki walitoweka. Hakuna hata mmoja anayeishi hapa. Mnachokiona hakipo.”

Bi. Somoe alikuwa anasikiliza. Siku za mwanzo alikuja mbio, akiuliza jamani mmetoka wapi, jamani watu wangu wako wapi, akitaja majina ya jirani zake. Siku ya kwanza ya bafta alisimama ghafla, akarudi nyuma hatua chache, akajifunika mdomo kwa kanga. Baada ya hapo hakuuliza tena. Alipanda taratibu, akatoa salamu mara moja, kwa upole, akapita akitazama uso mmoja baada ya mwingine safu nzima, kisha akateremka kwenda kupika.

Alikuwa anajitegemea kwa mihogo yake na kuku wachache. Chumvi alikuwa hana. Kumpa kitu mtu asiyekuwepo ni kosa, lakini chumvi ilikuwa na tabia ya kudondoka yenyewe mfukoni mwangu, hapo karibu na nguzo ya kamba, imefungwa vizuri kwenye karatasi. Hilo nalo Wizara ingetaka ingeliita ajabu.

*

Mwaka ukapita na kidogo. Asubuhi moja, wageni wakijifunga bafta, akanijia mwanamke mmoja akanivuta pembeni. Kitambulisho chake kilisema anaitwa Ongezeko. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni, mikono ya mtu anayefua nguo za watu. Aliongea akitazama chini.

“Kaka, yule mama hutoka?”

“Mama yupi? Pale hakuna mama.”

“Najua hakuna. Nauliza kama hutoka.”

Nikamjibu kwamba hutoka, injini ikizimwa. Akauliza kama amekonda. Nikasema kitu kisichokuwepo hakiwezi kunenepa. Nilitaka ionekane kama mzaha lakini hakucheka, na mimi pia nikajisikia vibaya. Ndipo akaniambia wazi kwamba yeye ni Mize, kwamba yule ni mama yake aliyemzaa, kwamba alifua nguo mwaka mzima apate tiketi, na kwamba wanawe watatu amewaacha kwa jirani akidanganya anakwenda kliniki.

Nikamkumbusha taratibu, kwa sauti ndogo, bila kipaza. Akiitikia salamu, amepotea. Akivuka kamba, ndiyo kabisa, hawezi kurudi Makazi Mapya, na watoto watafutwa shule na nyumba itapewa mwingine. Na askari wa kamba yule pale.

“Sivuki,” alisema. “Nina watoto, siwezi kuvuka. Nataka anione. Nimwitikie mara moja tu, ajue kuwa mimi nipo, ajue sikumtupa. Tangu siku ile ya malori chakula hakinipiti, kaka. Nikilala namwona anakaa barazani.”

Kwa kanuni nilitakiwa kutoa taarifa palepale kwa kipaza. Lakini vile vibetri vya serikali, mnavijua. Nilivitoa nikavitia mfukoni ili vipumzike.

Nikamfunga bafta kama wengine. Nikamtia pamba masikioni. Akasimama mwisho wa safu, karibu na nguzo.

Injini ikazimwa. Mlango ukafunguka kule chini, Bi. Somoe akaanza kupanda. Alikuwa amezeeka kuliko ilivyostahili mwaka mmoja. Akafika, akasimama mbali kidogo na kamba kama desturi yake.

“Asalaam aleikum,” alisema.

Wageni wakainua kamera. Bi. Somoe akaanza kupita kwenye safu, uso kwa uso, bila haraka. Mzungu, Mzungu, mfanyabiashara wa mjini, mkewe. Mize akachomoa pamba sikio la kulia, akachomoa la kushoto, akazidondosha chini.

“Waaleikum salaam, mama,” akasema. “Shikamoo.”

Wageni hawakusikia, walikuwa na pamba. Tuliosikia ni mimi na askari, na askari akanitazama mimi, nami nikatazama mawingu. Bi. Somoe alikuwa amesimama. Alisogea nusu hatua.

“Mize?”

“Ndiye mimi, mama. Ndiye mimi.”

Nilitarajia furaha. Nilikuwa tayari kulia, leso ninayo. Lakini Bi. Somoe akaketi pale pale chini kwenye vumbi, akaweka mikono miwili kichwani, kama wanavyofanya wanawake wetu wanapoletewa habari ya msiba.

“Mwanangu,” alisema, “ulikufa lini?”

Mize hakuelewa. Mimi nilielewa mapema kidogo, nikatamani niwe mahali pengine popote, hata katika ile bahari inayomeza meli.

“Sijafa, mama. Mimi mzima. Nitazame.”

Bi. Somoe akatikisa kichwa, kwa upole, kama unavyomkatalia mtoto mwenye homa anayetaka kwenda kucheza. Akasema hakuna haja ya kumficha, alikwisha kujua zamani. Akiwa ndani ya eda alisikia ngurumo kubwa uwanjani, na alipotoka hapakuwa na mtu. Akajiuliza mengi. Kisha wakaanza kuja hawa, wamekafiniwa bafta, pamba masikioni, wamepangwa safu, wanatazama tu. Aliwatolea salamu akiomba mmoja aitikie. Mtu aliye hai haachi salamu ya Mungu ikaanguka chini. Na yule bwana mwenye sauti kubwa, akaninyooshea mimi kidole bila chuki, yule bwana kila siku anawatangazia wenyewe kwamba wote wamekwisha kwenda na hakuna aliyebaki. Basi akakubali. Akawalilia jirani zake nyumba kwa nyumba, akawasomea Yasini wote.

“Nikakubakisha wewe tu,” alisema. “Wewe sikukulilia. Nilikuwa napanda hapa kila siku nawatazama nyuso zao wote. Nikikukosa, narudi nyumbani nasema alhamdulillahi, Mize wangu bado yu hai mahali. Nawasha moto, napika, nakula. Ndicho kilichokuwa kinaniinua kitandani, mwanangu.”

Mize akaishika kamba kwa mikono miwili. Shuka la bafta likamshuka kichwani. Alikuwa analia kwa sauti sasa, anasema mama nishike mkono, nishike tu uone una joto. Askari akaja akasimama karibu naye. Hakuwa mtu mbaya, askari yule. Alimnong'oneza neno moja tu, akasema, watoto.

Mguu wa Mize ulikuwa umekwisha kuinuka. Ukabaki hapo juu, kisha ukarudi chini.

Mama yake aliona. “Usivuke,” alimwambia. “Kwenu si huku tena. Wanao je, wazima?”

“Wazima, mama.”

“Nani anawalea sasa?”

Mize akasema, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, “Mimi. Nawalea mimi.”

“Maskini,” alisema Bi. Somoe, na hapo ndipo machozi yakamtoka. “Hata huko hupumziki.”

Akainuka kwa kujikaza, mkono gotini. Akajipangusa vumbi kwenye kanga. Mize alikuwa anainama juu ya kamba, amenyoosha mkono wote, na mzee yule akautazama mkono huo kwa hamu ambayo siwezi kuieleza, nami kazi yangu ni kueleza. Hakuugusa. Akarudi nyuma.

“Nenda kapumzike, mwanangu. Nitakusomea.”

Akateremka. Akaingia ndani, akafunga mlango, na wageni, walioona Kisichokuwepo kikikaa chini na kushika kichwa, wakapiga makofi kwa muda mrefu. Mmoja alinionyesha dole gumba.

Nilipaswa kutangaza mwisho wa ziara. Sikutangaza. Wageni wakajichomoa pamba wenyewe, wakavua bafta, wakapanda basi, na dereva akapiga honi mara moja, akaona ninavyomtazama, akaacha. Mize alibaki amesimama kwenye kamba na kanga yake ya kawaida, shuka limelala miguuni. Kutoka kule chini, kupitia mlango uliofungwa, ikaanza kusikika sauti ya mzee ikisoma. Ilisoma Yasini yote, bila haraka, pale inapokatika kwa kilio ikirudia. Halafu ikaingia kwenye dua, ikamtaja Mize binti fulani kwa jina lake lile lile la zamani, ambalo kwa amri ya serikali halipo, ikamwombea kaburi lenye nafasi na wanawe mtu wa kuwaonea huruma.

Mize alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekinga viganja. Dua ilipokwisha, akajipangusa uso kwa mikono yote miwili, akasema, “Amina.” Alilisema polepole na mlango ulikuwa umefungwa, kwa hiyo sidhani kama lilifika ndani.